Msitu Mdogo Ndani ya Ukungu Mkubwa

Mkoa wa Mara hauna msitu wa ukungu. Tuanze hapo, kwa sababu picha zinazozunguka kwenye simu zetu kila mvua zinapokolea zinadai vinginevyo: miti imesimama safu nyuma ya safu ndani ya weupe, vilele vimemezwa, na chini yake mtu ameandika Butiama au Bunda. Misitu ya ukungu ya nchi hii inajulikana ilipo. Iko Usambara, kuanzia Magamba juu ya Lushoto hadi Amani kule Muheza. Iko Uluguru, Udzungwa, Kilimanjaro na kwenye ukingo wa Ngorongoro, ambako mawingu hulala juu ya miti sehemu kubwa ya mwaka na matawi yameota ndevu za kijivu. Miti ya huko inaishi kwa ukungu. Ya kwetu ni vipandevipande: mikuyu ya kandokando ya mito, vichaka vya vilima vya mawe, mashamba ya mikaratusi, na hapa na pale msitu mdogo wa mizimu ulionusurika kwa sababu wazee waliuzuilia shoka.

Basi picha ya msitu ndani ya ukungu, ikipigwa Musoma, Bunda au Butiama, inaonyesha nini hasa? Jibu langu ni kwamba inaonyesha umbali. Ukungu unapima nafasi iliyopo kati ya mti na mti, kazi ambayo jua la saa sita haliwezi kuifanya. Lakini tabia hiyohiyo ndiyo inayompa mpigapicha nafasi ya kutengeneza msitu usiokuwepo. Mengi ya kujadili yamo katika pengo hilo kati ya kuonyesha na kutengeneza, na wapigapicha wetu wengi hulivuka bila kutazama chini.

Kabla ya kamera, jicho lenyewe lina kazi, maana si kila weupe ni ukungu. Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale ambapo matone ya maji yaliyoning'inia hewani yamepunguza uwezo wa kuona hadi chini ya kilomita moja. Ukiona mbali zaidi ya hapo, ni utusitusi. Matone hayo kwa kawaida yana upana wa maikromita kumi, ishirini hivi, na kwa ukubwa huo hutawanya rangi zote za mwanga karibu sawasawa. Ndiyo maana ukungu ni mweupe. Moshi ni jambo jingine. Chembe zake nyingi hazifiki hata maikromita moja, nazo hutawanya zaidi rangi ya buluu: ukiutazama moshi mbele ya kilima chenye giza una ubuluu, ukiutazama dhidi ya jua umegeuka kahawia au mwekundu. Kuanzia Juni hadi Septemba, mkoa wetu una moshi mwingi kuliko ukungu. Mashamba yanasafishwa kwa moto, tanuri za mkaa zinafuka, na ndani ya Serengeti kwenyewe nyasi huchomwa kwa makusudi ili kuzuia moto mkubwa zaidi baadaye. Usiku hewa baridi hushuka pamoja na moshi huo na kuulaza bondeni, na asubuhi mtu anaamka na kusema leo kuna ukungu mzuri. Picha ya Agosti yenye miti ya buluu-buluu na jua jekundu kama embe bivu, kwa sehemu kubwa, ni picha ya moshi. Haina ubaya wowote, ilimradi isiitwe kitu kingine.

Vumbi sina haja ya kulieleza. Rangi yake inajitangaza. Lakini kuna cha nne, nacho ni cha ziwa letu, Ziwa Victoria. Siku fulani mtu akisimama Mwigobero au Makoko, mjini Musoma, akatazama majini, anaona nguzo za moshi mweusi zikipanda kutoka juu ya maji, zikiinama na upepo, wala hakuna mtumbwi unaoungua. Ni wadudu. Viluwiluwi vyao hukaa ziwani, na wanapokomaa hutoka kwa mamilioni, hasa siku za karibu na mwezi mwandamo, wakapanda na kuzunguka angani kwa ajili ya kupandana. Hawaumi. Upepo ukiwaelekeza nchi kavu hufunika taa, kuta na miti. Msafiri David Livingstone alipopita Ziwa Nyasa mwaka 1861 aliyaona mawingu ya namna hiyo akayafananisha na moshi wa nyasi zinazoungua, na akaeleza jinsi wenyeji walivyowakusanya wadudu hao na kuwafanya mkate. Mpigapicha wa Musoma ana bahati ya kuwa na ukungu wenye mabawa, na nashangaa jinsi ulivyopuuzwa. Miti ya ufukweni iliyofunikwa na wingu la wadudu wakati jua linachomoza nyuma yake ni picha ambayo mtu wa Lushoto, pamoja na ukungu wake wote, hawezi kuipata.

Ukungu halisi nao unachagua mahali. Mji wa Musoma umekaa kwenye rasi iliyozungukwa na maji, mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hayo hayapoi sana: juu huwa na joto la nyuzi 24 hadi 26 karibu mwaka mzima. Usiku yanaipasha hewa ya mji, na upepo wa nchi kavu unaelekea ziwani na kuikoroga. Ukungu wa ardhini unataka kinyume chake, yaani anga safi, ardhi iliyopoa, hewa iliyotulia na unyevu wa kutosha. Ndiyo maana anayeudamkia kilimani Mukendo hurudi mara nyingi mikono mitupu. Kwenye ghuba zilizojificha huonekana mvuke mwembamba alfajiri, hewa baridi ya nchi kavu inapoteremka juu ya maji ya uvuguvugu, lakini huo ni wa wavuvi na mitumbwi, msitu hauhusiki.

Bonde la Mto Mara ndilo lenye masharti yote. Hewa baridi huteremka kutoka vilimani na kujikusanya chini, ambako kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo kinachotoa unyevu bila kuchoka. Mvua ikinyesha jioni, iwe ya vuli kati ya Oktoba na Desemba au ya masika kati ya Machi na Mei, kisha anga likatakata usiku, basi kwenye daraja la Kirumi, katika barabara ya Musoma kwenda Sirari, asubuhi kuna ukungu wa kukata kwa kisu. Tatizo ni miti. Kinamasi ni mafunjo matupu. Miti iko kingoni na kwenye miteremko. Ukungu tunao pale ambapo msitu hatuna.

Jambo jingine la Kirumi na la mto wote: viboko. Hula nyasi nchi kavu usiku na hurudi majini alfajiri, saa ileile ukungu unapokuwa mzito, na hasira yao humshukia aliyesimama kati yao na maji. Mtu aliyeinamia kamera, anayeona mita thelathini tu mbele yake, yuko mahali pabaya mno. Sisemi asiende. Nasema abaki juu, darajani au barabarani, aende na mwenyeji anayezijua njia za wanyama hao.

Kwa Bunda, msitu wenyewe uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kandokando ya Mto Grumeti. Ule ni msitu kwa maana kamili ingawa ni mwembamba: mikuyu mikubwa, kivuli kizito, na mbega weupe kwa weusi wanaoishi juu bila kulazimika kushuka. Ukungu hulala ndani ya mkondo wa mto na miti husimama ndani yake huku mbuga za pande zote mbili ziko wazi. Lakini lango la Ndabaka, lililo kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na kutoka hapo hadi kwenye miti mizuri ni mwendo. Jua letu halisubiri. Tuko nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kupanda karibu wima, nyuzi kumi na tano kila saa. Saa mbili asubuhi ukungu mwingi umeshakwisha. Mafunzo ya intaneti yanayomwambia mpigapicha asubiri hadi ukungu uanze kupasuka yameandikwa na watu wa Ulaya, ambako jua la Novemba hutambaa kwenye upeo na ukungu unaweza kukaa hadi adhuhuri. Hapa kusubiri ni kukosa. Anayeutaka ukungu wa Grumeti alale ndani ya hifadhi, na gharama hiyo ndiyo sababu picha nyingi nzuri za pale zimepigwa na wageni. Droni, kwa anayefikiria njia ya mkato, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi hairushwi bila ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Turudi kwenye umbali, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Mwaka 1924 Mjerumani Harald Koschmieder alionyesha kwa hesabu jinsi ukungu unavyokula tofauti kati ya kitu cheusi na anga la nyuma yake. Tofauti haipungui kwa mstari ulionyooka. Inapungua kwa kuzidishana. Chukua asubuhi ambayo mwisho wa kuona ni mita 200. Mti mweusi ulio mita 20 kutoka kwako unabaki na asilimia 68 ya weusi wake. Wa mita 50 una 38. Wa mita 100 una 14 tu, na wa mita 200 umebaki na 2, yaani jicho linaupoteza. Hesabu hii ndogo inaeleza karibu kila kitu kuhusu picha za namna hii. Inaeleza kwa nini msitu ambao mchana ni fujo ya matawi unageuka ngazi za kijivu, kila mti na daraja lake. Inaeleza pia kwa nini picha nyingi zinashindwa: mpigapicha amesimama mbali, miti yake yote iko kati ya mita 100 na 200, na ngazi zote zimeishia kwenye kijivu kimoja kilichofifia. Dawa si kuvuta kwa zumu. Lenzi ndefu haipenyi ukungu; inakuza tu ile hewa iliyojaa matone. Dawa ni miguu. Songa hadi upate mti mmoja karibu sana, weusi wake ukiwa karibu kamili, kisha acha wa pili na wa tatu wafuate kwa mapengo. Mjapani Hasegawa Tohaku, mchoraji wa karne ya 16, alilijua hili karne tatu kabla ya hesabu hiyo: misonobari yake ya wino, iliyomo Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, ina miti michache myeusi ya mbele, mingine hafifu nyuma, na karatasi iliyoachwa wazi.

Kamera yenyewe ina ukaidi wake. Kipimamwanga kimefundishwa kwamba dunia kwa wastani ni kijivu, kwa hiyo kikikutana na weupe mwingi kinaupunguza, na ukungu unatoka mchafu kama maji ya dobi. Ongeza mwanga, stopu moja hivi au kidogo zaidi, na uangalie weupe usikatike kabisa. Fleshi izimwe: mwanga wake hugonga matone ya karibu na kurudi kwenye lenzi. Fokasi ya kujiendesha hutafuta mstari mkali, na ndani ya ukungu haupo, hivyo elekeza kwenye ukingo wa shina la karibu. Na anayetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi mjini Musoma aiache kamera ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la nje, la sivyo atakuwa na ukungu wa pili, ule wa kwenye kioo.

Wengi wetu hatuna kamera hiyo, tuna simu. Na simu za sasa zina uadui wa kimyakimya na ukungu. Ukibonyeza mara moja, simu inapiga picha kadhaa, inaziunganisha, inaongeza weusi mahali palipofifia na kunoa kingo, kwa kuwa waliotengeneza programu wanaamini kufifia ni kasoro. Mti wa mita 100 uliokuwa na asilimia 14 unarudishiwa nguvu ambayo asubuhi ile haukuwa nayo, na umbali unakufa. Zima HDR, yaani uunganishaji huo, kama simu inaruhusu, bonyeza na ushikilie kidole kwenye shina ili kufunga fokasi na mwanga, kisha sogeza alama ya jua juu kidogo. Simu nyingi za bei ya kati zina sehemu ya kitaalamu inayohifadhi faili ghafi, na faili hiyo haijaguswa sana na maoni ya programu. Katika kuhariri baadaye, kitufe cha kuondoa ukungu kina matumizi mengi, ila si hapa.

Sasa upande wa pili wa ile hesabu. Kama mita 200 ndiyo mwisho wa kuona, basi hakuna anayeweza kujua kilichopo mita 210. Panda mikaratusi mistari sita kando ya barabara ya Butiama, subiri asubuhi yenye ukungu, na msitu hauna mwisho. Nyuma yake kuna shamba la mihogo, nyumba ya bati na uwanja wa shule, lakini picha imevifuta. Mtazamaji wa Dar es Salaam au wa Oslo anaona Afrika ya kale isiyoguswa. Mpigapicha hajasema uongo hata mara moja. Hewa imemsaidia kunyamaza.

Kuna njia ya kumtambua mpigapicha wa namna hiyo. Tazama magome. Katika msitu wa ukungu wa kweli, matone husukumwa na upepo hadi kwenye majani na matawi, yanaungana na kudondoka, kiasi kwamba chini ya miti huwa kumelowa hata pasipo na mvua. Mashina yamevikwa mimea midogo ya kijani, na matawi yamebeba mimea mingine mgongoni. Gome la mkaratusi wa Butiama ni laini na linachunika. Gome la mti wa kilima cha mawe ni kavu na limepasuka. Ukungu kwao ni mgeni wa saa mbili. Picha inayoonyesha gome kwa ukaribu haiwezi kudanganya sana, na ndiyo maana wapigapicha wanaotafuta ndoto hukwepa gome.

Wapo wanaotengeneza ukungu waziwazi, na hao siwalaumu. Nick Brandt, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Afrika Mashariki, katika mradi wake wa *The Day May Break* aliwapiga picha watu walioumizwa na mabadiliko ya tabianchi pamoja na wanyama waliookolewa, nchini Kenya na Zimbabwe, akitumia mashine za kutoa ukungu palepale walipokaa. Alisema ni mashine, na ukungu ulikuwa hoja yake: dunia inayofifia. Ukungu wa mashine uliotangazwa una uaminifu kuliko ukungu wa Mungu unaotumika kuficha shamba la mihogo.

Butiama ina mtihani mgumu kuliko huo. Karibu na Mwitongo, ambako Mwalimu Nyerere aliishi baada ya kustaafu na ambako amezikwa tangu Oktoba 1999, kuna msitu mdogo wa Muhunda, ambao Wazanaki huuheshimu kama makao ya mzimu wenye jina hilohilo. Mpigapicha yeyote akisikia habari hiyo anataka ukungu mara moja. Mzimu na ukungu, nani atakataa? Mimi nakataa. Kwa wenye msitu, mzimu hauhitaji hali ya hewa; upo mchana kweupe, na heshima unayopewa haitokani na kutoonekana vizuri. Picha ya kiza na weupe inageuza itikadi ya watu kuwa filamu ya kutisha. Ukiongea na wazee kwanza, kama inavyopasa, kinachowagusa ni mipaka ya msitu na nani amekata nini, mambo ambayo yanataka mwanga wa saa nne asubuhi. Huo ndio mmoja wa misitu michache ambayo ukungu unaipunguzia thamani.

Na bado Mara ina msitu wake wa ukungu, ila uko mbali na uko nchi nyingine. Mto Mara huanza kwenye kinamasi cha Enapuiyapui katika milima ya Mau, Kenya. Maji yanashuka kwa Nyangores na Amala, yanaungana, yanapita Maasai Mara na Serengeti, na baada ya kilomita 395 hivi yanaingia ziwani karibu na Musoma. Mau ilikuwa na hekta zaidi ya 400,000. Kikosi kazi cha serikali ya Kenya kiliripoti mwaka 2009 kwamba karibu hekta 107,000, robo nzima, zilikuwa zimepotea katika miongo miwili. Misitu ya milimani hukamata maji ya mawinguni, na ukiikata unapoteza chombo cha kukamatia hata mawingu yakibaki. Kwa Kilimanjaro, mtaalamu wa mimea Andreas Hemp aliandika mwaka 2005 kwamba moto ulioteketeza misitu ya juu umeathiri maji ya mlima kuliko kuyeyuka kwa theluji yake, ambayo ndiyo inayopigwa picha kila siku. Kwa hiyo ukungu wa Kirumi una ukoo: sehemu ya unyevu wake imeteremka na mto kutoka kwenye miti ya Mau. Mradi wa picha ninaoutamani ungeanza na mashina yaliyolowa ya kule juu na kuishia kwenye mafunjo ya huku chini, ukungu kwa ukungu, bila kujifanya kwamba huku chini kuna msitu.

Kwa picha za kila siku napendekeza kitu kidogo zaidi. Piga mara mbili kutoka mahali palepale: moja saa moja asubuhi, nyingine saa nne, weupe ukiwa umeondoka na shamba la mihogo limejitokeza. Zikiwekwa pamoja, ya kwanza haipungui uzuri, inapata kipimo. Wahariri watasema nafasi ni ya picha moja, na mara nyingi wana haki. Hapo kazi inabaki kwa maneno ya chini ya picha, na badala ya «Asubuhi ya ndoto katika misitu ya Mara» yanaweza kusema: «Mikaratusi ya kupandwa, mistari sita, kando ya barabara, Butiama, saa moja asubuhi, Aprili, baada ya mvua ya usiku.»